Mzungu Aliyenunua Jino

Kagoya alipoinua mto wake asubuhi ile na kukuta noti ya shilingi elfu tano mahali alipokuwa ameweka jino lake, hakufurahi. Alipiga yowe lililomleta Anti Kaudha, mlezi wa makao ya watoto, bwenini mbio, mwiko wa uji bado mkononi.

"Wamelichukua!" mtoto alilia. "Anti, wamelichukua, wameacha hela!"

Wasichana wengine walikuwa wameshapanda vitandani, wamejirundika kona moja. Noti ilikuwa sakafuni, pale Kagoya alipoitupa, na hakuna aliyetaka mguu wake uikaribie. Naigaga, mkubwa wa bweni, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa la kusema, alikuwa ameshatoa hukumu.

"Huyo wamemnunua. Wakishachukua kidogo wakaacha hela, siku nyingine wanarudi kubeba mzigo wote."

"Naigaga, funga bakuli lako."

"Kwani nasema uongo, Anti? Si kila siku redioni wanatangaza?"

Redioni walitangaza kweli. Upande ule wa Busoga hapakuwa na mtoto asiyejua habari za watu wanaowinda watoto, wachukue kiungo hiki na kile, wampelekee mganga, wapate utajiri. Njia panda ya kwenda Kamuli palikuwa na bango la kuwaonya wazazi, lina picha ya mtoto na maandishi mekundu, na watoto wa makao yale walilipita kila siku wakienda shule, tena walilipita mbio. Sasa wewe mwambie nini mtoto wa miaka saba aliyelala na jino akaamka na hela?

Alikwenda jikoni akarudi na kibanio cha makaa, akaiokota noti kwa kibanio. Baadaye alijicheka kwa hilo. Lakini saa ile hakuona cha kuchekesha.

"Nani aliingia humu jana baada ya sala?"

Wakatazamana. "Jjajja Malini peke yake, yule bibi mzungu," Kagoya alisema kwa kwikwi. "Alikuja kutuombea."

Kupotea kwa jino lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa kesho, kwa sababu kesho ilikuwa Jumamosi ya ndugu kuwatembelea watoto, na Jjajja Namwase alikuwa anakuja.

Jjajja Namwase ndiye bibi yake Kagoya, aliyemlea tangu anyonye. Mtoto wa jirani yake alikwenda kuteka maji siku moja hakurudi, wala hakuonekana tena, na kuanzia hapo bibi hakuwa na usingizi. Shule ilikuwa mbali, njia inapita kwenye mashamba ya miwa, na miguu yake haikuweza tena kumpeleka mjukuu asubuhi na kumfuata jioni. Ndipo akamleta kwenye makao yale ya kanisa. Alimkabidhi Kaudha mtoto mkono kwa mkono, akamkazia macho.

"Nakuachia mzima. Nikija nimkute mzima. Sitaki kusikia hata unywele umepotea."

"Hata unywele, Jjajja," Kaudha aliapa.

"Na meno yake yakianza kutoka, la kwanza mniwekee. Nitakuja tulirushe wenyewe."

Kwao jino la kwanza halitupwi ovyo. Linarushwa juu ya paa, anaitwa panya kwa sauti, anaambiwa achukue hilo bovu alete jipya. Asiyerusha hubaki na pengo. Hivyo ndivyo Jjajja Namwase alivyoamini, na ukimbana vizuri Kaudha, ingawa aliimba kwaya na kushika zamu ya kusoma Biblia, alikuwa anaamini vilevile. Na alijua jambo moja bila shaka yoyote: bibi yule akisikia kwamba mtu ameingia bweni analolilinda yeye Kaudha, akachukua jino la mjukuu wake na kuacha hela, atafunga nguo za mtoto siku ileile na kumrudisha kwenye ile njia ya miwa. Na nani atamlaumu?

*

Malini na wenzake walikuwa wageni kutoka Amerika, kikundi cha kanisa fulani la huko, kama walivyokuja kila mwaka shule zao zikifungwa. Walivaa fulana za rangi ya chungwa zenye mstari wa Biblia mgongoni. Walikuwa watu wema, hilo halina ubishi. Walichora safina ya Nuhu kwenye ukuta wa bwalo, twiga akawa mkubwa kuliko safina yenyewe, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaambia. Walifundisha nyimbo za kurukaruka. Walileta maboksi ya miswaki, mingi mpaka kila mtoto akapata mitatu, na iliyobaki Mchungaji Balikowa, msimamizi wa makao, alikuwa anaisugulia mnyororo wa pikipiki yake.

Malini hakuruka. Kwao aliitwa Marlene, lakini jina lilikuwa limeshafika Busoga likatengenezwa upya. Alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha, mvi kichwa kizima, magoti mabovu. Kazi yake hadi kustaafu ilikuwa kuendesha basi la shule. Wenzake wakirukaruka uwanjani, yeye alikaa jikoni na Kaudha kumenya matoke, akimenya kama mtu anayechonga penseli, nusu ya ndizi inakwenda na ganda. Kaudha alimsema kila siku kwa hilo. Alimpenda pia, ila hakuwahi kumwambia. Watoto ndio waliokuwa wepesi. Siku ya pili tu walikuwa wameshaanza kumwita Jjajja.

Jino lilipong'oka kwenye hindi la kuchoma, jana yake mchana, Malini ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Sasa alikuja jikoni kama kawaida, akavuta kigoda, akachukua kisu.

"Watoto wana nini leo?" aliuliza. "Nimewasalimia, wamekimbia. Naigaga amejifungia chooni."

Kiingereza cha Kaudha kilikuwa cha darasa la saba na cha Malini kilipita puani, lakini walikuwa wameshazoeana.

"Mama," Kaudha alisema, "jino la Kagoya liko wapi?"

Malini akatabasamu. Akaweka kidole mdomoni, akatazama mlangoni kama mwizi wa sukari, akainama. "Si mimi niliyelichukua," alinong'ona. "Ni kale kadogo ka meno."

"Kadogo gani?"

"Kuna kabinti kadogo hivi, kana mabawa. Mtoto akiweka jino chini ya mto, kenyewe kanakuja usiku, kanachukua jino, kanaacha hela."

Kaudha aliweka kisu chini. "Kanaruka?"

"Kanaruka."

"Usiku?"

"Ndiyo, watu wakilala."

"Milango imefungwa?"

"Hakahitaji mlango!" Malini alisema, amefurahi kwamba anaeleweka.

"Kanaruka usiku, kanapita penye mlango uliofungwa, kanawaendea watoto wamelala, kanachukua kiungo cha mtoto na kuacha hela." Kaudha alivuta pumzi. "Mama, sisi tunako hako. Tuna jina lake pia. Na kakikamatwa, watu wa hapa hawangojei polisi."

Tabasamu la Malini likaanza kuvunjika. "Hapana, hapana. Ni mchezo. Ni wa kuwafurahisha watoto."

"Wanafurahi?"

"Kwetu, sana."

"Na nyinyi ni Wakristo?"

"Kaudha, ni mchezo tu! Mimi niliingia kuwaombea, nikamwona Kagoya anafunga jino kwenye kitambaa, analiweka chini ya mto. Nikafikiri, loo, kumbe na wao wanafanya hivyohivyo! Nilifurahi mpaka nikalia. Nikasema, tazama, tumetoka mbali hivi, lakini hili ni letu sote."

"Aliliweka pale lisipotee. Anamwekea bibi yake."

Kaudha akamweleza yote. Alimweleza paa na panya, akamweleza Jjajja Namwase na kiapo, na mtoto wa jirani aliyekwenda kuteka maji. Alipofika kwenye bango la njia panda, Malini alikuwa ameshaziba mdomo kwa mkono wenye utomvu wa ndizi. Bango alikuwa ameliona. Siku ya kwanza gari lao lilipolipita, wote ndani walinyamaza.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Wanafikiri mimi ni yule."

"Hawajui wafikiri nini. Jino lipo?"

"Lipo! Lipo, nimelitunza. Ngoja."

Akatoka kwa haraka ambayo Kaudha hakujua kama magoti yale yanaiweza. Kaudha alishusha pumzi. Alijiona mjinga kwa hofu yake yote: jino lipo, litarudi kwenye kitambaa, kesho Jjajja atalirusha, mambo yamekwisha. Hata akaanza kuimba kidogo.

Malini alirudi na kijaluba cha fedha, kidogo, kimechakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Akakifungua juu ya kiganja cha Kaudha.

Yalidondoka meno mawili.

"Mbona mawili?" Kaudha aliuliza.

Malini aliyatazama, na uso wake ukabadilika polepole, kama wa mtu aliyeacha chungu motoni akakumbuka akiwa njiani. Akaligeuza la kwanza kwa ncha ya kidole, akaligeuza la pili. Yote yalikuwa meupe, yote madogo kama punje za mchele, yote ya mbele.

"Nililiosha la Kagoya kwa dawa ya meno," alisema. "Nililisugua likang'aa. Nikaliweka humu kwa sababu hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote nilipo napo. Sikufikiri. Kaudha, sikufikiri kabisa."

"Na hili jingine la nani?"

"La mwanangu. Wendell."

"Yuko wapi?"

Malini alikaa kwenye kigoda. Akaeleza kwa maneno machache, na kwa jinsi alivyoyapanga ilionekana ameyasema mara nyingi. Kwao ziwa hugeuka barafu wakati wa baridi, watu wakatembea juu yake. Wendell alikuwa na miaka tisa. Alitembea juu ya maji, na maji yakapasuka.

Kaudha alijaribu kuliona ziwa linalotembewa, hakuweza. Ila mama wa mtoto aliweza kumwona. "Kama Petro," Kaudha alisema taratibu.

"Kama Petro," Malini alisema. "Ila mkono haukutokea."

Matoke yalikuwa yanaanza kuwa meusi kwenye beseni na hakuna aliyeyajali. Kaudha alikuwa na watoto wanne, wote hai, na saa ile aliona haya kwamba wote wako hai. Akakichukua kile kijaluba, akarudishia meno ndani kwa uangalifu, yote mawili, akakifunga.

*

Mchungaji Balikowa alipoelezwa alishika kichwa. Yeye alikuwa mtu wa amani, na kwa amani alikuwa tayari kufanya lolote.

"Sasa tatizo ni nini? Meno si meno? Mpe bibi mojawapo, arushe, aende zake."

"Lipi?"

"Lolote, Kaudha! Nani atajua?"

"Na likiwa la marehemu, pengo la mtoto lisipoziba, utampa la kwako, Mchungaji?"

Mchungaji akafunga mdomo upesi, maana ya mbele yalikuwa ya bandia na makao mazima yalijua.

Basi Kaudha akamwita Kagoya, akamwekea yote mawili kwenye kitambaa juani. Mtoto alikuja akiburuta miguu. Akachuchumaa, akayatazama mpaka macho yakamtoka maji.

"Lako ni lipi, mama?"

"Sijui."

"Tazama vizuri. Si lako wewe?"

"Likiwa mdomoni sijawahi kuliona, Anti."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ni nani anayeyajua meno yake kwa sura? Kagoya alipeleka ulimi kwenye pengo, akaurudisha, kisha akauliza kile ambacho Kaudha hakutaka kuulizwa. "Jjajja atanichukua?"

"Nani kakwambia?"

"Naigaga."

"Naigaga nitamshonea mdomo wake," Kaudha alisema, lakini hakusema kwamba Naigaga amekosea.

Siku ile ilikuwa ndefu. Mchana wageni walicheza mchezo wa kushikana mikono duara, na kila alipokaa Malini duara lilikatika, kwa sababu hakuna mtoto aliyekubali kumshika. Hawakumtukana wala kumzomea. Walisogea tu, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kama unavyojisogeza mbali na jiko la moto. Mwishoni alikwenda kukaa peke yake kwenye benchi la bwalo, chini ya twiga, mkono kwenye mfuko wa sketi penye kile kijaluba. Kaudha alimwona kutoka jikoni. Alimwonea huruma, huruma ya kweli, na wakati huohuo alikuwa na hasira naye, na vyote viwili vilikaa moyoni mwake jioni nzima bila kusukumana.

Kabla ya chakula alimpelekea chai.

"Nimefikiri," Malini alisema. "Kama hatujui lipi, kuna njia moja tu ya kuwa na hakika kwamba la Kagoya limefika juu ya paa."

Kaudha alielewa kabla hajamaliza. "Mama, hapana."

"Yote mawili."

"Hutalipata tena. Paa lile lina mvua, lina kunguru, lina nini."

"Najua paa ni kitu gani, Kaudha," Malini alisema, akanywa chai yake.

*

Jjajja Namwase alifika kesho yake kwa pikipiki, kuku kwapani na furushi la karanga kichwani. Mtu akimwona vile, kakonda na kanyooka, haulizi nani mkubwa pale. Kagoya alipiga magoti kumsalimu. Bibi akamshika kidevu, akamfungua mdomo kama anayekagua mbuzi sokoni.

"Ahaa! Limetoka! Liko wapi tulirushe?"

Mtoto akamtazama Kaudha. Naigaga na wenzake walikuwa wamejipanga ukutani kama mashahidi wa kesi. Mchungaji Balikowa alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyuma ya stoo, akabaki pembeni hata hivyo, asikie.

Kaudha angeweza kudanganya. Maneno yalikuwapo, tayari mdomoni. Lakini alikuwa ameapa huku anatazamwa machoni, na macho yaleyale yalikuwa yanamtazama sasa. Alipiga magoti, akasimulia yote, noti na kijaluba na kila kitu, haraka, bila kujitetea.

Jjajja Namwase alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka kwa mjukuu wake.

"Nenda ufunge nguo zako."

"Jjajja, tafadhali..."

"Sijasema na wewe, Kaudha. Wewe ulisema hata unywele. Kagoya, nenda!"

Kagoya akaenda, analia bila sauti, akarudi na mfuko wake wa shule umejaa nguo hauzibiki. Na wakati anarudi, Malini alikuwa ameshatoka bwaloni. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya bibi, akapiga magoti chini vumbini, vilevile kama alivyoona wasichana wakifanya kila mgeni akija, magoti yakalia kwa sauti mpaka Naigaga akakunja uso kwa uchungu.

"Mwinueni huyo!" Jjajja Namwase alishtuka. "Mtu wa rika langu ananipigia magoti! Anataka Kamuli nzima inicheke?"

Malini hakuinuka. Alifungua kiganja.

Bibi akainama, akatazama. "Mtoto ametoa jino moja. Haya mbona mawili?"

"Jingine ni la mwanawe, Jjajja," Kaudha alisema. "Alikufa mdogo. Hatuwezi kujua lipi ni la nani. Anasema myarushe yote, ili la Kagoya lisikose."

Kuku kwapani alijaribu kujadili, bibi akambana.

"Alikufa kwa nini?"

"Maji."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa habari ya nyumbani. "Muulize kama anajua kwamba likishaenda juu hatulifuati. Hakuna kuomba ngazi kesho."

Kaudha akauliza. Malini alijibu akimtazama bibi, si mkalimani. "Mwambie najua. Mwambie Kagoya anahitaji jino. Wendell hahitaji tena."

Kaudha alitafsiri neno kwa neno.

"Kagoya," Jjajja Namwase alisema, "weka huo mfuko chini." Akampa Naigaga kuku, akajipangusa mikono. "Na hela yake iko wapi? Mrudishieni. Meno hayana bei hapa."

Noti ililetwa kutoka chini ya jiwe la jikoni ilikofungiwa tangu jana. Malini aliipokea akaisokomeza mfukoni bila kuitazama. Mchungaji Balikowa alikuwa amesogea, amejiweka sawa kusema neno moja juu ya Wakristo na mambo ya mila. Akakutana na jicho la bibi, akalimeza neno lake.

Jjajja Namwase aliyachukua meno yote mawili, akayachanganya nyuma ya mgongo wake kama watoto wanavyofanya wakificha kijiwe, kisha akaweka moja kwenye kiganja cha Kagoya na moja kwenye kiganja cha Malini. Huenda kila mmoja alipata lake. Huenda wamebadilishana. Hakuna aliyejua wala hatajua mtu.

"Anza wewe, mtoto. Taja jina."

Kagoya alirudi nyuma hatua kadhaa, akauzungusha mkono. "Panya, panya! Chukua la Kagoya, ulete jipya!" Jino likagonga bati la bweni, ti, likatulia.

"Sasa yeye. Mfundishe maneno."

Kaudha alimfundisha kipande kwa kipande. Malini alisimama kwa kumshika bega. "Panya, panya," alisema, kwa Kisoga chake cha puani, na ukutani wasichana wakaanza kuziba vicheko, vicheko vya kawaida, vya kwanza tangu jana. "Chukua la Wendell..."

Hapo akakwama. Maneno yaliyofuata alikuwa ameyasikia na alijua maana yake. Alete jipya la nani? Mkono ulikuwa juu, ngumi imefungwa, na haukushuka wala kurusha.

Jjajja Namwase akasogea. Akamshika mzungu kiwiko, akainua uso kuelekea paa, akamalizia mwenyewe kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya shamba:

"Chukua la Wendeli, umtunzie!"

Malini akarusha. Alirusha vibaya. Jino liligonga ukingo, likabiringika kwenye mkunjo wa bati likishuka, na watu wote, hata Mchungaji, wakavuta pumzi ndani. Likanasa kwenye kichwa cha msumari, likabaki huko.

Basi Malini akalia, akalia kwa sauti, bila kujificha. Jjajja Namwase alimwacha alie, akimpapasa mgongo kwa kiganja kikavu. Kagoya aliwatazama mabibi wawili, akafikiri, kisha akaja akaingiza mkono wake kwenye mkono wa Malini, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Mfuko wa nguo ulibaki pale chini mpaka Kaudha alipouchukua na kuurudisha bwenini.

*

Wageni waliondoka wiki iliyofuata. Twiga yupo bado. Mvua za vuli zilikuja zikapiga lile bati, kunguru wakatembea juu yake, na hakuna aliyeomba ngazi.

Jino la pili la Kagoya, jirani ya lile la kwanza, lilitoka akila posho, yaani ugali, na maharage, na kabla hajajua akawa ameshalimeza. Alilia siku nzima. Kaudha alimwambia halina neno, lakini hakuwa na hakika, na nadhani mtoto aliliona hilo usoni mwake. La kumezwa halirushwi, na lisiporushwa ni pengo.

Kisha siku moja, miezi imepita, Kaudha anaosha masufuria, Kagoya alikuja mbio akajisimamisha mbele yake, mdomo wazi. Chini, mbele, palikuwa na meno mapya mawili, yamechomoza pamoja, yana vinundunundu kama msumeno.

"Unaona?" mtoto alisema. "Haya! Si nilikwambia hata la kumezwa linaota?"

"Hujaniambia kitu kama hicho."

"Halafu si la kumezwa." Kagoya akaweka kidole. "Hili ni langu. Hili ni la Wendeli."

"Wewe! Mtu anaweza kuota jino la mwenzake?"

"Anti, sisi tulirusha mawili. Lile jingine sikurusha, nilimeza. Yameota mangapi?"

Kaudha alifungua mdomo kubisha. Akaufunga. Alipangusa povu mikononi, akaitoa simu yake kwenye mfuko wa aproni, ile simu yenye kioo kilichopasuka, akamvuta mtoto nje penye mwanga, chini ya ukingo wa bati.

"Panua vizuri, tumtumie Jjajja Malini," alimwambia, na ilibidi afute macho kwanza ndipo aione picha. "Panua, lionekane na la Wendeli."